Tuko Horombo

Kwa miezi saba ya mwaka jana, nyumba ya kaka yangu iliyoko Pasua, hapa Moshi, iliongozwa na karatasi. Ilikuwa karatasi ya manila ya njano, imebandikwa kwenye ukuta wa sebule kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi, na juu yake kaka alikuwa amechora kwa kalamu nene pembetatu kubwa iliyogawanywa vipande vitano. Kila kipande kilikuwa na jina la hitaji la binadamu, na pembeni ya kila hitaji kulikuwa na jina la mahali fulani kwenye Mlima Kilimanjaro. Chini kabisa aliandika chakula, maji na usingizi, na pembeni yake Mandara. Juu yake ukaja usalama, na pembeni Horombo. Upendo na kuwa na watu wako ukapewa Kibo, heshima ikapewa Gilman's Point, na pale kwenye ncha, mahali ambapo mtu anakuwa yule hasa anayeweza kuwa, akaandika Uhuru, mita 5,895.

Kaka alikuwa mpagazi kwa miaka tisa katika njia ya Marangu, kabla mgongo haujamlazimisha kushuka na kufungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, na Mandara, Horombo na Kibo, vituo wanakolala wapandaji, amevilala mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, aliporudi kutoka kwenye semina ya siku mbili ya wajasiriamali wadogo akiwa na cheti na daftari lililojaa, nilielewa kwa nini mchoro ule ulikuwa umemwingia kiasi kile. Mwezeshaji aliwaonyesha mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow yakiwa yamepangwa kama jengo, akawaambia kwamba mahitaji haya ni ngazi, na kwamba mtu anayeruka kipandio kimoja huanguka. Wengine ukumbini waliona mchoro wa darasani, lakini kaka aliona mlima anaoujua kwa nyayo zake.

Naomba msomaji asikimbilie kumcheka. Mtu ambaye kwa miaka mingi ameshuka mlimani na bahasha ya malipo, na ikawa imekwisha kabla hajafika nyumbani kwa sababu ya ada, madeni, mchango wa huyu na matibabu ya yule, ana kila sababu ya kuipenda karatasi inayomwambia jambo gani litangulie na lipi lisubiri. Kaka hakuwa akitafuta kisingizio cha ubahili. Alitaka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, jambo moja liishe kabla jingine halijaanza.

Mandara ilichukua miezi mitatu na nusu. Aliweka ndani magunia mawili ya mahindi, debe la maharage na madumu ya mafuta ya kula, akajenga uani mnara wa chuma aliouchomelea mwenyewe, akaweka juu yake tangi la lita 1,000. Usingizi nao ulikuwa ndani ya kipande cha kwanza, kwa hiyo taa zote zilizimwa saa tatu usiku ili kila mtu apate saa nane kamili kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Wifi yangu ana genge la mboga na matunda, na kwa kawaida huhesabu mauzo ya siku watoto wakishalala. Katika miezi hiyo alihesabu sarafu chini ya blanketi, kwa tochi ya simu, akizishika moja moja kwa ncha za vidole ili zisigongane na kumwamsha mtu ambaye hitaji lake la usingizi lilikuwa bado halijatimia.

Katikati ya mwezi wa nne, baada ya chakula cha usiku, kaka alisimama mbele ya karatasi akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu kwenye kipande cha chini. Akawatangazia mke wake na watoto wake wawili kwamba Mandara wameimaliza, na kwamba kuanzia kesho yake familia nzima iko Horombo.

Horombo ilikuwa usalama, na kwa fundi wa mageti usalama hauna kikomo. Alitengeneza geti la bati zito lenye ncha za mikuki juu, akalitia kufuli tatu, na funguo za kufuli hizo alizitundika katika sehemu tatu tofauti ndani ya nyumba ili mwizi akipata mmoja asipate yote. Wifi alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupokea mzigo wa nyanya sokoni, na sasa ilimbidi aianze safari hiyo robo saa mapema ili apate muda wa kufungua. Ndoo mbili za mchanga ziliwekwa mlangoni kwa ajili ya moto. Neema, binti yao wa miaka 12, alipewa daftari la kuandika kila anayeingia na kila anayetoka, na bado ninakumbuka nilivyosimama nje ya geti lile nikiwa na mtori kwenye chupa ya chai, huku sauti ya mtoto niliyemlea ikiniuliza kwa heshima kubwa: "Shangazi, shikamoo. Unaitwa nani na umekuja kwa shughuli gani?"

Nilicheka siku hiyo, naye akacheka, akaandika.

Jambo ambalo sikulicheka lilitokea mwezi wa sita. Baba Eliya, jirani anayekaa ng'ambo ya barabara, alifiwa na mama yake, na mazishi yakapangwa kufanyika nyumbani kwao Marangu. Majirani wa mtaa ule walikodi Coaster mbili. Kaka hakupanda. Siku hiyo alikuwa akimalizia uzio wa nyuma, na kwa hesabu yake msiba wa jirani ulikuwa jambo la Kibo, kituo ambacho familia yake ilikuwa bado haijakifikia. Alimpigia Baba Eliya simu, akampa pole, akarudi kwenye mashine yake. Yeyote aliyeishi Moshi anajua uzito wa jambo hili, maana kwetu mtu huenda kuzika kwanza na sababu za kutokwenda huzitafuta baadaye. Baba Eliya hakusema neno. Aliendelea kumsalimia kaka kila asubuhi kwa salamu kamili, na ukamilifu wa salamu ile ndio uliomsumbua wifi yangu kuliko matusi.

Halafu ikaja siku ya Baraka. Baraka ndiye kitinda mimba wao, wakati huo akiwa na miaka sita, na alianguka kutoka kwenye baiskeli ya rafiki yake akachubuka goti na kiwiko. Alikimbia moja kwa moja hadi karakana akilia, lakini alipofika mlangoni alisimama. Kaka mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alivua miwani ya kuchomelea, akamwona mtoto amesimama kwenye kizingiti, damu ikimtiririka hadi kwenye soksi, amejizuia kulia kwa nguvu zake zote, naye akauliza: "Baba, tumefika Kibo?"

Bila shaka kaka alimbeba. Alimbeba akamwosha, akampeleka kupigwa sindano ya pepopunda, akamnunulia soda. Lakini usiku ule alikuja kwangu kwa miguu, jambo ambalo si kawaida yake, akakaa kwenye kochi na kunieleza habari hiyo mara mbili, kama mtu anayeeleza ajali aliyoiona barabarani.

Mimi nafundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu, na nadharia ya Maslow iko kwenye muhtasari wetu. Baada ya kaka kuondoka nilifungua makala yenyewe, ile ya mwaka 1943 iliyochapishwa katika jarida la Psychological Review, nikaisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu nilitaka kujua kama mtu aliyeiandika angekubali kwamba mtoto asimame kizingitini.

Asingekubali. Maslow alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1908, mtoto wa kwanza kati ya saba wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi, na alipoandika makala hiyo alikuwa akifundisha Brooklyn College. Ndani yake hamna pembetatu wala mchoro wa aina yoyote. Watafiti watatu waliofuatilia asili ya pembetatu hiyo, katika makala yao ya mwaka 2019, waliikuta kwa mshauri wa makampuni aliyeitwa Charles McDermid, aliyeichora mwaka 1960 katika makala iliyohusu jinsi pesa inavyowahamasisha wafanyakazi. Umbo lile ambalo dunia nzima inaliita la Maslow, lenye kitako kipana na mistari iliyonyooka kama dari za ghorofa, lilitoka kwa mtu aliyekuwa akiwaza mishahara.

Maslow mwenyewe aliandika kwamba mpangilio wake si mgumu kama unavyoweza kuonekana. Alieleza kwamba wako watu ambao heshima kwao hutangulia upendo, na wako wenye kuumba na kubuni ambao hawangoji shibe ili waumbe. Wako pia wanaoacha kila kitu, hata uhai, kwa ajili ya jambo wanaloliamini. Alieleza pia kwamba tendo moja hubeba mahitaji mengi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba mtu anaweza kula kwa sababu ya njaa na pia kwa sababu ya kutafuta faraja. Hili la mwisho halihitaji kuelezwa kwa mwanamke yeyote wa Kilimanjaro aliyewahi kujifungua na kuletewa mtori. Mtori ule ni chakula, na wakati huohuo ni ulinzi wa mwili uliochoka, ni ukoo umekuja, na ni heshima ya kuitwa mama. Ukijaribu kuutenganisha katika mabakuli manne utakuwa na mabakuli manne ya maji ya moto.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni pale alipoandika kwamba watu wengi, katika hali ya kawaida, wametimiziwa kiasi na wamepungukiwa kiasi katika mahitaji yao yote kwa pamoja. Alitoa mfano wa mtu ambaye mahitaji ya mwili yametimia kwa asilimia 85, usalama asilimia 70, upendo 50, heshima 40, na lile la kujitimiza asilimia 10. Mtu huyo hana kituo anacholala. Yuko kote, siku moja, kwa viwango tofauti.

Siku ya pili nilimpelekea kaka jambo hili nikiwa na furaha kubwa, nikamsomea, nikamtafsiria. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza kama nina hakika na tarakimu hizo, nikamwambia ninayo. Akachukua kalamu nyekundu, akaenda kwenye karatasi, akaanza kuandika 85 pembeni ya Mandara, 70 pembeni ya Horombo, 50 pembeni ya Kibo, kisha akageuka na kumuuliza wifi kama kwa maoni yake upendo wa nyumba hii umefika asilimia 50 au bado uko kwenye 40 na kitu.

Wifi alikuwa akimenya ndizi. Alimenya mbili nzima kabla hajajibu. "Baba Neema," alisema, "leo asubuhi ilikuwa 60. Sasa hivi inashuka."

Ilinibidi nimweleze kaka kwamba Maslow alisema wazi kuwa tarakimu zile amezibuni kwa ajili ya mfano tu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuupima upendo wa nyumba kwa asilimia. Kaka aliitazama kalamu. Alisikitika kwa kweli, kwa sababu kwa dakika tano alikuwa amepata kitu bora kuliko vituo, kitu cha kupima, na mimi niliyemletea ndiye niliyemnyang'anya.

Tulirudi jikoni mimi na wifi, na huko, huku tukikata ndizi za mtori, nilimsimulia habari za nyani wa Harlow. Harry Harlow ndiye mwalimu aliyemsimamia Maslow alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, shahada aliyoipata mwaka 1934. Miaka mingi baadaye, katika utafiti alioutangaza mwaka 1958, Harlow aliwatenga watoto wa nyani na mama zao akawawekea mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mtupu na mwingine aliyefunikwa kwa kitambaa laini. Hata pale ambapo chupa ya maziwa iliwekwa kwa mama wa waya, watoto wale walimwendea kunyonya tu, kisha wakarudi kwa mama wa kitambaa na kumkumbatia saa nyingi za siku. Utafiti huo ulikuwa wa kikatili, na sipendi kuusimulia bila kusema hivyo. Lakini unaonyesha jambo ambalo pembetatu inalificha, kwamba kiumbe mdogo mwenye njaa na woga hapangi foleni ya mahitaji, na kwamba kukumbatiwa hakungoji shibe.

Wifi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Baraka alipokuwa na miezi minne aliugua, na usiku kucha alikataa ziwa mpaka alipofungwa mgongoni kwa kanga, akatulia, ndipo akanyonya. Alisema hivyo bila kunitazama, akaendelea kukata ndizi.

Ningeweza kumwekea kaka tafiti nyingine mezani. Louis Tay na Ed Diener, katika makala yao ya mwaka 2011, walitumia majibu ya watu kutoka nchi 123, wakaona kwamba mahitaji aliyoyataja Maslow yana uzito kweli katika maisha ya watu wa tamaduni mbalimbali, lakini kila hitaji huchangia furaha kwa njia yake, hata pale ambapo mengine hayajatimia. Sikumwekea. Nilikuwa nimeshaona kinachotokea kaka anapopewa tarakimu.

Mambo yaligeuka mwezi wa saba, kwa sababu ya harusi. Binti wa baba mdogo alikuwa anaolewa, na mweka hazina wa kamati, ambaye ni binamu yetu anayeuza viatu vya mitumba Memorial, alifika getini na kadi ya mchango. Baada ya kuandikwa kwenye daftari la Neema aliruhusiwa kuingia, akakaa, akaeleza kwamba ndafu imeshapatikana na kwamba wanasubiri ahadi za kaka wakubwa. Kaka alimjibu kwa upole na kwa ukweli kamili: "Kwa sasa sitaweza. Tuko Horombo. Nadhani Kibo tutafika mwezi wa tisa."

Binamu alimtakia safari njema akaondoka.

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba kaka amerudi mlimani, na mgongo ule, katika baridi ya mwezi wa saba. Watu walianza kumpigia simu kumuuliza hali ya hewa, naye akiwa karakana aliwajibu kwamba kuna baridi kidogo, huku mashine ya kusaga chuma ikilia nyuma yake, nao wakashangaa kwamba siku hizi Horombo kunajengwa. Mmoja alimsihi ashuke akisikia kichwa kinamuuma. Kaka alishukuru. Alidhani watu wameanza kuielewa karatasi yake.

Habari hiyo ilipanda hadi Uru, kwa mama yetu. Mama ana miaka 74. Kwa usiku mbili hakulala vizuri, akitoka nje kila mara kuutazama mlima, ambao siku hizo ulikuwa umefunikwa na mawingu hata kitako chake kisionekane. Siku ya tatu aliamua kwamba kama mwanawe yuko mlimani, basi wajukuu wake hawana mtu. Alikata mkungu wa ndizi, akapanda daladala hadi mjini, akachukua bajaji hadi Pasua, akafika mbele ya geti lenye mikuki na kufuli tatu. Wifi alikuwa gengeni, watoto shuleni, na kaka alikuwa karakana mtaa wa pili. Mama alikaa juu ya mkungu wake kwa saa moja na nusu. Aliyemwona ni Baba Eliya. Alimtolea kiti, chai na shuka la kujifunika miguu, akakaa naye mpaka wifi aliporudi, na katika muda wote huo hakumwambia neno lolote baya kuhusu mwanawe. Mama mwenyewe ndiye aliyemuuliza habari za nyumbani kwake, na ndivyo alivyokuja kujua habari za msiba.

Mimi niliitwa jioni. Nilimkuta mama amesimama mbele ya karatasi ya njano, Neema akimsomea kipande kimoja kimoja. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono kati ya magoti. Mama aliuliza kila kituo ni nini, akaelezwa. Alipofika Kibo, akauliza kama ndiko kule anakokufahamu, kule ambako kaka alikuwa akirudi mabega yamechubuka.

"Ndiko, Mama," kaka alisema.

"Yalikuwa yanachubuliwa na nini?"

Kaka hakujibu haraka. Kwa wasioijua njia ya Marangu, kati ya Horombo na Kibo kuna mahali penye bango linalomwarifu msafiri kwamba hayo ndiyo maji ya mwisho. Kibo chenyewe hakina maji. Kila kikombe cha chai kinachonywewa pale, kila sufuria ya supu anayopewa mgeni kabla hajaamshwa usiku wa manane kuanza kupanda kuelekea Gilman's Point, kimefika kwa bega au kichwa cha mpagazi aliyebeba madumu kutoka chini.

"Madumu ya maji," kaka alisema.

"Na maji umeniambia ni ya hapa chini," mama alisema, akiweka kidole kwenye Mandara.

Hakuongeza kitu. Aliuliza kama chakula kiko tayari, kwa sababu alikuwa amekaa nje muda mrefu na alikuwa na njaa. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama kaka, na niliona mtu anayekumbuka kwa mwili wake. Aliinua mkono wa kulia akalishika bega la kushoto, pale ambapo kamba ilikuwa ikipita. Hakuna aliyewahi kumwambia mgeni kule juu kwamba kiu ni jambo la Mandara na kwamba alipaswa kuimaliza huko. Yeye mwenyewe alikuwa ameipandisha Mandara hadi Kibo mara mia, begani.

Jumamosi tulimrudisha mama Uru, kaka, mimi na watoto. Nadhani kama mwezeshaji wa semina ile angekuwa anatoka kwetu, angechora kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, badala ya jengo, maana kihamba nacho kina ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu hukohuko Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Hakuna mzee aliyepanda ghorofa ya chini kwanza akangoja ikamilike ndipo apande ya pili. Kahawa inataka kivuli cha juu ili isiungue, mti wa juu unadondosha majani yanayorutubisha udongo wa chini, ng'ombe anakula majani ya mgomba na samadi yake inaurudia mgomba, na mfereji wa mfongo unapita katikati ya vyote bila kuuliza nani wa kwanza. Na pembeni, kwenye mpaka, limesimama isale, mmea ambao jani lake kwetu hupelekwa kuomba msamaha, ambalo haliliwi na halina kivuli cha maana, lakini bila hilo hujui kihamba kinaishia wapi, na ukimkosea mtu huna cha kumpelekea.

Mama alikata jani moja la isale akampa kaka. Hakumwambia la nani.

Tulirudi Pasua jua likiwa linazama. Kaka hakupita nyumbani kwanza. Alivuka barabara na jani mkononi, mimi nikabaki upande wa pili na watoto, lakini barabara ile si pana na niliyasikia yote. Alimwambia Baba Eliya kwamba hakumzika mama yake, na kwamba alikuwa na sababu, lakini sababu yenyewe haikuwa sababu. Baba Eliya alilipokea jani kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani, akaliweka juu ya redio, akarudi na kusimama mlangoni kwa muda bila kusema kitu. Kisha akamuuliza kaka kama tangi lake lina maji, kwa sababu kwake bomba lilikuwa limekauka tangu juzi.

"Limejaa mpaka mdomoni," kaka alisema.

"Basi mwambie Neema aache geti wazi. Watoto watakuja na ndoo."